Lengalenga inayoachwa ikauke: namna vikundi vya bustani vinavyotayarisha musimu A

Mwezi wa nane, mtu akipita katika njia nyembamba za vilima vya Bukavu, upande wa Kadutu ao wa Panzi, anaweza kuona jambo la kushangaza kidogo. Nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha udongo kisichozidi upana wa chumba kimoja, mboga yote imekwisha kuchumwa, lakini miti mitano ao sita ya lengalenga imebaki imesimama. Imekuwa mirefu kupita mtoto wa masomo ya msingi. Majani yamekuwa magumu, na juu kuna vichwa vizito vimeinama. Jirani anauliza sababu gani mboga iachwe iharibike hivi, wakati ku soko kifungu kinazidi kuwa kidogo na bei inazidi kupanda. Mwenye bustani anacheka tu. Ile miti haiko ya kupika. Ni mbegu ya mwezi wa tisa.

Huu ndio wakati vikundi vya bustani vinaanza tena kukutana kwa wingi. Katika miji na vijiji vya mashariki ya Kongo viko na majina mengi: shirika la wamama, kikundi cha bustani, wengine wanasema tu «likelemba yetu ya mboga», sababu kikundi kilianza na likelemba ya pesa na kilimo kikafuata. Mara nyingi ni watu kumi na tano ao ishirini wa avenyu moja, wengi wao wamama, na vijana wachache ambao hawajapata kazi. Wanakutana mara moja kwa juma, siku ya posho kisha salongo, ao siku ya yenga kisha ibada. Kazi inazunguka: leo kwa mama huyu, juma lijalo kwa mwingine. Anayekosa bila sababu analipa faini kidogo katika kasha ya kikundi.

Mvua kubwa ya Kivu inarudi katika mwezi wa tisa. Ndiyo mwanzo wa musimu A, unaoenda mpaka mwezi wa kwanza. Musimu B unaanza mwezi wa pili na kufika mwezi wa sita. Katikati ya musimu B na musimu A kuna miezi ya jua, na hapo wenye shamba katika mabonde yenye maji wanafanya musimu C. Wengine wanangoja. Upande wa Beni na Butembo, karibu na ikweta, jua ni fupi na kazi inaendelea karibu mwaka wote. Katika bonde la Ruzizi, kinyume chake, joto ni kali na mvua inaweza kukawia, kwa hiyo mkaaji wa Uvira asifuate kalenda ya Bukavu bila kuangalia mawingu ya kwake.

Bustani inalisha nini?

Lazima kusema ukweli kwanza. Bustani ya nyuma ya nyumba haileti unga wa fufu, haileti mafuta wala chumvi. Mradi wowote unaokuja kuahidi kwamba vipimo vitatu vya ardhi vitamaliza njaa ya jamaa ya watu wanane unadanganya watu. Kile bustani inaleta ni mboga ya kila siku: lengalenga, matembele, sombe, mulunda yenye uchungu wake, pilipili, kitunguu cha majani, tomati kidogo. Ile pesa ambayo mama angelitoa kila jioni kwa kifungu, inabaki. Kwa siku moja haionekani. Kisha mwezi, ni kitabu cha mtoto, ao sabuni, ao sehemu ya deni.

Na kuna siku ambazo ile mboga ya nyumbani ndiyo peke yake inapatikana. Mji wa Goma unategemea sana mashu, karoti na viazi kutoka Kibumba na milima ya Masisi. Bukavu inategemea Kabare, Walungu, na mitumbwi inayotoka Idjwi. Njia moja ikifungwa, soko linasikia siku ileile. Wakaaji hawajasahau mwanzo wa mwaka 2025, wakati vita vilifika Goma mwisho wa mwezi wa kwanza na Bukavu katikati ya mwezi wa pili: benki zilifungwa, viwanja vya ndege vikafungwa, pesa ya mkononi ikawa adimu. Mtu aliyekuwa na lengalenga nyuma ya nyumba hakuwa tajiri, lakini alikuwa na kitu cha kuweka kando ya fufu.

Sababu vikundi vingi vinakufa mwaka wa pili

Wazee wa vikundi wanaijua hadithi hii, na karibu kila kata iko nayo. Mradi unafika. Unagawa majembe, vimwagilio, na vikopo vya mbegu: mashu, karoti, poaro, vitunguu, pilipili tamu. Kunakuwa mafunzo ya siku tatu, picha zinapigwa. Musimu wa kwanza mboga inapendeza mpaka watu wanakuja kuangalia. Musimu wa pili kikopo kimekwisha. Duka la mjini linauza kingine, lakini kwa bei ya pesa ya kigeni, na kasha ya kikundi haina kitu. Musimu wa tatu watu hawakutani tena.

Wengi wanasema kikundi kilikufa juu ya uvivu, ao juu ya ugomvi wa wakubwa wake. Mara zingine ni kweli. Lakini mara nyingi kilikufa juu ya aina ya mbegu iliyoletwa. Mashu, karoti na poaro ni mimea ya nchi za baridi. Kwao inakula mwaka mmoja kukua, inapita katika baridi kali, ndipo mwaka wa pili inatoa maua na mbegu. Kwetu hapa baridi ile haiko, hata juu ya milima ya Kabare si rahisi. Shu linafunga kichwa vizuri, linaliwa, linaisha. Mkulima hawezi kupata mbegu yake hata akiomba. Kila musimu lazima arudi dukani.

Kisha kuna mbegu zinazoandikwa F1 juu ya karatasi. Hizo zimetokana na kuzalisha pamoja aina mbili tofauti, na zinatoa mazao mazuri kabisa kwa mara ya kwanza. Mtu akikamata mbegu ya tomati ya F1 na kuipanda tena, anapata mchanganyiko: mti mmoja unafanana na baba, mwingine na mama, wa tatu hauzai kitu. Hakuna uchawi hapo, na duka halikumwibia. Ni tabia ya ile mbegu. Lakini nani alimweleza mama siku ya kugawa vikopo? Mara nyingi, hapana mtu.

Haimaanishi mashu ni mabaya. Mashu yanauzwa vizuri, na kikundi chenye kuuza kinaweza kununua kikopo kipya na kupata faida. Shida ni kikundi kuweka maisha yake yote juu ya kikopo. Ndiyo maana vikundi vinavyodumu vinagawa bustani sehemu mbili katika akili yao: ile ya kuuza, yenye mbegu ya duka, na ile ya nyumbani, yenye mbegu ambayo mikono yao wenyewe inaweza kuzalisha. Ya pili haiguswe hata kama ya kwanza imekosa.

Mbegu ambazo unaweza kuweka mwenyewe

Lengalenga ni mwalimu muzuri wa kuanza naye. Inatosha kuchagua, mapema wakati miti bado ni midogo, ile yenye majani mapana na isiyo na madoa, na kuifunga uzi ili mtoto ao mgeni asiichume. Hapa ndipo kosa la kwanza linafanyika: watu wanachuma miti mizuri na kuacha ile dhaifu kwa mbegu, sababu haifai kuliwa. Musimu unaofuata bustani nzima inakuwa dhaifu. Miti ya mbegu iwe ya kwanza kwa uzuri. Mmoja hautoshi, afazali mitano ao zaidi.

Vichwa vikianza kukauka, mtu anasugua kidogo katika kiganja. Mbegu nyeusi zenye kung'aa zikianguka zenyewe, wakati umefika. Kichwa kinakatwa asubuhi, kinaachwa kwenye kitambaa ndani ya nyumba siku chache, kisha kinapigwapigwa na kupepetwa. Mti mmoja unatoa maelfu na maelfu ya mbegu, zaidi ya mahitaji ya nyumba moja. Siku ya kupanda, mbegu ile ni ndogo sana na inaanguka mahali pamoja, kwa hiyo wanaichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuitupa. Kisha juma tatu ao ine, mboga ya kwanza inafika jikoni.

Tomati za aina za zamani, kama Roma na Marmande, zinarudia sura ya mzazi wao, mradi zisiwe F1. Unachagua tunda lililoiva kabisa juu ya mti wenye afya. Mbegu na maji yake vinawekwa katika kikombe siku mbili ao tatu mpaka juu inafanya povu na kutoa harufu mbaya. Mtu asiogope: ile kuoza kidogo inaondoa utando unaozunguka mbegu. Kisha unaosha, unatupa zile zinazoelea, na unakausha kwenye sahani kivulini. Zikikaushwa juu ya karatasi zinagandamana.

Maharagi yanajichavusha yenyewe, kwa hiyo hayachanganyiki sana hata yakikaa karibu. Lakini ganda lenye madoa meusi yaliyobonyea, lisiwekwe kwa mbegu hata punje zikionekana nzuri, sababu ugonjwa unasafiri ndani ya punje. Ganda hilo liende chunguni. Maboga ni kinyume: nyuki wanabeba unga wa maua kutoka shamba la jirani, na mwaka unaofuata mtu anashangaa kuona boga ambalo hakulipanda.

Sombe na matembele hazihitaji mbegu, ni vipande vya mti na vya kamba. Raha hiyo iko na hatari yake: kipande kinabeba ugonjwa wa mama yake. Muhogo wenye majani yanayojikunja, yenye kijani na manjano yaliyochanganyika, uko na mozaiki. Inzi weupe wadogo wanausambaza, lakini mtu mwenyewe anausambaza zaidi anapokata kipande na kumpa rafiki. Kituo cha INERA cha Mulungu, katika teritware ya Kabare, kimefanya kazi miaka mingi juu ya aina za muhogo zinazovumilia mozaiki, na huduma ya serikali ya mbegu, SENASEM, ndiyo yenye kazi ya kuhakikisha ubora wa mbegu na vipande vinavyouzwa. Kikundi kinachotaka kuanza upya shamba la sombe kingefanya vizuri kuuliza kwao kabla ya kukata kwa jirani. Kwa matembele, jambo la maana ni kupitisha kamba zake katika miezi ya jua: kisehemu kidogo karibu na mahali maji ya kuoga yanapotokea kinatosha kuokoa kamba za kupandwa mwezi wa tisa. Wenye kupata kamba za viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa wazitunze zaidi, sababu kiazi chenyewe kiko na vitamini A inayosaidia macho ya watoto na nguvu ya mwili kupigana na magonjwa.

Ukavu ndio unalinda kila mbegu. Kuna kipimo cha wamama wengi ambacho hakiombi chombo: weka mbegu na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mbegu ingali na maji, irudi kukaushwa. Ikianguka chini yote, iko tayari. Maharagi yaliyokauka yanajazwa katika bido mpaka shingoni, bila kuacha nafasi ya hewa, na kifuniko kinafungwa kwa nguvu. Wadudu waliomo wanakosa pumzi na kufa. Mwenye mbegu kidogo anachanganya na majivu yaliyochekechwa. Mbegu ya kitunguu isiwekwe kwa matumaini makubwa, nguvu yake inaisha upesi, na kisha mwaka mmoja nyingi haziote tena.

Kuazima kikombe, kurudisha viwili

Kikundi chenye mbegu kinahitaji sheria, na sheria inayotumika sana ni rahisi: unaazima kikombe kimoja cha maharagi mwanzoni mwa musimu, unarudisha viwili kisha mavuno. Kimoja kinalipa deni, cha pili kinakuza akiba, ili mwanachama mupya apate pia. Kwenye daftari inaandikwa jina, aina, kipimo na tarehe. Bila daftari, musimu wa pili kila mtu anakumbuka kivyake.

Ugomvi unatoka wapi? Mara nyingi kwenye ubora. Mtu aliazima punje safi na anarudisha zilizotobolewa, ao anachanganya rangi tatu. Vikundi vyenye hekima vinakubaliana kabla, mbele ya wote, kwamba mbegu inayorudishwa inaangaliwa na watu wawili ambao si wakubwa wa kikundi. Na kama mvua ya mawe ao mafuriko yameharibu shamba? Hapo kikundi kinaamua kuhamisha deni mpaka musimu B. Kumfukuza mtu aliyepoteza kila kitu ni kupoteza mwanachama na mbegu pamoja.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya kilimo vinasahau, lakini Kivu haiwezi kusahau. Mbegu isikae nyumba moja. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mafuriko yalipofunika Bushushu na Nyamukubi katika teritware ya Kalehe, watu mamia walikufa, na nyumba na mashamba vilikwenda na maji. Nyumba ikienda, bido la maharagi linaenda nalo. Na vita vikisogea, watu wanatoka na watoto, na godoro, na sufuria. Bido la kilo ishirini hakuna anayelibeba. Kwa hiyo vikundi vingine vinagawa akiba katika nyumba tatu ao ine, tena za avenyu mbalimbali. Na wamama wengine wanaweka chupa ndogo, ile ya dawa ya maji, yenye lengalenga, tomati na pilipili, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Chupa hiyo haina uzito. Mahali watakapofika, hata kando ya kibanda cha wakimbizi, juma ine zinatosha kupata mboga.

Goma: bustani juu ya mawe

Mkaaji wa Goma akisoma habari ya kipande cha udongo nyuma ya nyumba anaweza kucheka kwa uchungu. Kata nyingi zimejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, yaliyoshuka mjini tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tena upande wa Buhene tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Jembe halina kazi pale. Udongo unanunuliwa kwa gunia, na hautupwi ovyo.

Jibu la vikundi vya Goma ni kupanda ndani ya gunia lenyewe. Wanakamata gunia tupu la mchele ao la unga, na kikopo kikubwa cha mafuta kilichotobolewa chini na juu. Kikopo kinasimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe madogo, ambayo Goma haijakosa hata siku moja. Kando yake unawekwa udongo uliochanganywa na mbolea. Kisha kikopo kinavutwa juu, mawe yanabaki, na kazi inarudiwa mpaka gunia linajaa. Nguzo hii ya mawe inapitisha maji mpaka chini. Bila hiyo, mimea ya juu inazama na ya chini inakauka. Kwenye ukuta wa gunia wanatoboa matundu yenye kuachana kama kiganja kimoja, na kila tundu linapata mche wa lengalenga ao wa kitunguu cha majani. Juu wanapanda tomati ao pilipili. Gunia moja linabeba miche thelathini bila shida, na linaweza kusogezwa wakati mwenye nyumba anataka nafasi yake. Jua linaharibu gunia la plastiki, kwa hiyo kisha misimu miwili ao mitatu linapasuka na udongo unahamishiwa kwa lingine.

Mbolea inatoka jikoni: maganda ya ndizi na ya viazi, majani, majivu kidogo, na mavi ya dende ao ya kuku. Dende wanafaa sana kwa bustani ndogo, wanakula mabaki ya mboga na wanatoa mbolea kila siku. Kandokando ya barabara kunaota pia titonia, ile yenye maua ya manjano ambayo wengi wanaikata na kuitupa. Majani yake yanaoza upesi na yanalisha udongo vizuri. Lundo linageuzwa kila juma mbili, linafunikwa mvua isilioshe, na kisha miezi miwili ao mitatu linakuwa jeusi, bila joto na bila harufu. Likiwa lingali na joto linachoma mizizi. Mavi ya mbwa na ya watu hayaingie humo.

Juu ya maji, onyo moja tu. Kolera haijatoka Goma, wala Bukavu, wala Uvira. Maji machafu ya mtaro yasimwagiwe mboga inayoliwa mbichi, hata kama jua ni kali. Maji ya kuosha mchele ao viazi yanafaa, yamwagwe chini kwenye udongo. Na mboga inayotoka bustanini inaoshwa kwa maji safi kama vile ile ya soko.

Kipande cha nani?

Hapa kuna shida ambayo daftari la kikundi haliwezi kutatua. Wengi wanalima kwenye parseli ya mtu mwingine. Mwenye parseli anakubali kwa mdomo, sababu bustani inamlindia mahali pake pasivamiwe. Siku anapopata mnunuzi, mboga na mali yote iliyomo vinakwenda. Barua fupi yenye sahihi ya mwenye parseli na shahidi wa avenyu, inayosema watalima mpaka mwisho wa musimu na watajulishwa mbele ya mavuno, haizuie kuuza, lakini inapatia watu muda wa kuchuma. Katika miteremko ya Bukavu, mwenye parseli anaweza hata kushukuru: majani ya mbingobingo yaliyopandwa kwa mistari inayokata mteremko yanashika udongo, na erozyo ni hofu ya kila mvua katika mji huu. Kulima mstari unaoshuka, toka juu kwenda chini, ni kuufungulia maji njia ya kwenda kwenye nyumba ya jirani.

Kazi za miezi inayokuja

Kwa vikundi ambavyo havijaanza, mwezi wa nane ungali na nafasi. Majuma haya ni ya kukausha, kusafisha mbegu na kutengeneza mbolea. Mwisho wa mwezi, kikundi kinaweza kufanya siku ya kubadilishana: kila mtu analeta alicho nacho mezani, kwa kijiko, na kurudi na asichokuwa nacho. Ni vizuri kualika kikundi cha kata nyingine, sababu ndani ya avenyu moja wote mara nyingi wako na aina moja. Pepinieri ya tomati na ya mashu inaanza mwanzo wa mwezi wa tisa, chini ya kivuli cha majani ya ndizi, ili miche iwe tayari mvua ikishika. Maharagi na lengalenga vinangoja mvua mbili tatu nzuri. Mvua ya kwanza peke yake inadanganya, inaotesha mbegu kisha jua linarudi na kuua. Tomati za musimu A zitasumbuliwa na mildiu wakati wa mvua kubwa. Wasio na paa la plastiki ao dawa wapande chache, waache nyingi kwa musimu B, zikiivia karibu na jua.

Tarehe 15 mwezi wa kumi ni siku ya kimataifa ya mwanamke wa kijijini, na kesho yake, tarehe 16, ni siku ya chakula duniani. Hotuba hazitakosa. Kikundi kilichopanda lengalenga katikati ya mwezi wa tisa kitakuwa na mboga ya kuonyesha siku hizo mbili, na watu wa kata wakiona mboga ndipo wanauliza namna ya kuingia. Karibu na Noeli maharagi yanaanza kuvunwa, na deni za vikombe zinarudi. Kazi ya kuchagua miti ya mbegu kwa musimu B inafanyika kabla ya hapo, wakati mboga ingali kijani.

Kabla ya yote, kuna kazi ya juma moja ambayo inaweza kuanza leo jioni. Kamata punje ishirini za mbegu uliyoweka, bila kuchagua nzuri. Zilaze kwenye kitambaa chenye maji kidogo, kikunje, weka kwenye sahani mahali pa joto, na ulowanishe kila asubuhi. Siku ya saba, hesabu. Kumi na sita ao zaidi zikiota, panda kama kawaida. Zikiwa kumi hivi, panda mara mbili kila shimo. Zikiwa chini ya hapo, kama ni maharagi yasiyotiwa dawa, yapike, kisha uende kuazima kikombe kwa kikundi kabla mvua haijafika.